Kuzima Gari Siyo Kukata Umeme

Hotuba kwa mafundi wa magari, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi? Dada zetu mafundi, msikae nyuma, sogeeni mbele, maana kuna vitu nitavishika mkononi na nataka kila mtu avione vizuri.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa fundi anapofungua boneti ya gari la umeme. Nimesikia pale mlangoni mmoja wetu akisema hiyo ni mada ya miaka ijayo. Ndugu yangu, Nissan Leaf zilizotumika Japani zinashuka bandarini kwetu. Prius na Aqua za Toyota zimejaa mjini, na Aqua ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ina umeme mkubwa hata kama mwenyewe anachojua ni kwamba gari lake halinywi mafuta. Analeta gari limegoma, anakukabidhi funguo, anakwenda kazini. Hakwambii kilichomo ndani kwa sababu naye hakijui. Wa kujua ni wewe.

Neno langu leo ni moja, mengine yote yanalizunguka hilo. Gari la umeme likizimwa, bado halijakatwa umeme. Na hata ukishalikata umeme, bado huna ruhusa ya kugusa mpaka mita yako, uliyoihakiki wewe mwenyewe, isome sifuri.

Nalisema hili kwa mafundi hodari kuliko kwa wanafunzi. Mwanafunzi anaogopa, na kwenye kazi hii woga unamfaa. Ninayemhofia ni fundi wa miaka 20, yule ambaye mkono wake unafika kwenye nati kabla jicho halijaiona. Mazoea yana taabu, na mazoea yetu yote tuliyapata kwenye volti 12.

Ukifungua boneti ya Leaf, jicho linatafuta vitu linavyovijua, na linavipata. Betri ndogo ipo, rejeta ipo, boksi la fyuzi lipo, chupa ya maji ya kuoshea kioo ipo. Hata lile boksi kubwa la alumini lililokaa katikati linafanana na injini, kwa hiyo mwili unatulia. Boksi hilo ni inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uifae mota, na chini yake kuna mota yenyewe. Kwenye matoleo ya kuanzia 2013 chaja nayo ilitolewa nyuma ya gari ikaletwa mbele, juu ya inveta. Maana yake ni kwamba ukiinama kukaza bolti upande wa pili, kifua chako kiko juu ya umeme mkubwa.

Betri kubwa yenyewe iko chini ya sakafu. Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, ilikuja na betri ya kilowati-saa 24 yenye seli 192. Seli zimefungwa mbili mbili, halafu jozi 96 zikaunganishwa kwa mfululizo. Seli moja ikijaa ina volti 4 na kidogo. Zidisha mwenyewe uone: unakaribia 400. Prius ya kizazi cha pili ina betri ya volti 201.6, lakini inveta yake inaupandisha umeme huo hadi 500 kabla ya kuupeleka kwenye mota. Kizazi cha tatu kinafika 650. Aqua ina betri ya volti 144, na namba hiyo ndogo imewafanya watu waidharau, wakati inveta yake inapandisha hadi 520. Umeme wa TANESCO kwenye soketi ya ukutani ni 230.

Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu usalama wa magari haya, inaanza kuuhesabu umeme wa DC, ule wa betri unaokwenda upande mmoja, kuwa mkubwa ukizidi volti 60, na wa AC, ule wa kugeuka-geuka kama wa TANESCO, ukizidi 30. Kanuni hiyohiyo inataka nyaya za umeme mkubwa zilizo nje ya maboksi ziwe na ganda la rangi ya machungwa. Kwa hiyo rangi ni msaada wako wa kwanza. Lakini magari yetu yameshatembea, mengine yameshagongwa na kunyooshwa. Waya wa machungwa uliozungushiwa tepu nyeusi bado ni waya wa machungwa. Ukikuta tepu mahali ambapo kiwanda hakikuweka, simama hapo, uliza nani alifanya kazi kwenye gari hili kabla yako na alikuwa anaficha nini.

Sasa tupige hesabu ya mwili. Kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mwili wa binadamu una ukinzani, yaani uwezo wa kuuzuia umeme, wa takriban omu 1,000, na mkono ukilowa jasho ukinzani huo unapungua zaidi. Nani hapa anafanya kazi Dar es Salaam mwezi wa pili akiwa mkavu? Volti 400 gawanya kwa omu 1,000, unapata ampia 0.4, yaani miliampia 400. Zile swichi za usalama za majumbani huwekwa zikate umeme ukivuja kufikia miliampia 30, kwa sababu zaidi ya hapo moyo unaanza kuwa hatarini. Ni kweli DC inahitaji mkondo mkubwa kuliko AC ili kuvuruga moyo. Lakini 400 ni nyingi hata kwa DC, na waya wa kwenda kwenye mota una AC.

Kuna na moto wa cheche, ambao watu hawausemi sana. Umeme wa nyumbani unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila ukipita sifuri cheche inapata nafasi ya kuzimika. DC haipiti sifuri. Ukichomoa kiungio cha DC wakati mkondo unapita, cheche haikatiki. Inavutika kuufuata mkono wako, inayeyusha shaba, na matone ya shaba yanaruka usoni. Mtu anaweza asipigwe na umeme kabisa, na bado akapoteza macho yake.

Ndiyo maana nataka kuongea na mafundi umeme hasa, kwa upendo na kwa ukali. Tuna mchezo wetu wa siku zote: ukitaka kujua kama waya una moto, unaugusisha kwenye bodi mara moja, unaangalia cheche. Kwenye volti 12 tumefanya hivyo maisha yetu yote na kazi ikaenda. Kwenye gari la umeme mchezo huo uishe leo. Usiusogeze hata karibu na boneti hiyo, maana mkono wa fundi ukizoea kitu unakifanya bila kukuuliza.

Jambo jingine limewadanganya watu wazuri. Kwenye gari tulilozoea, hasi ya betri ni bodi. Betri kubwa ya gari la umeme haiko hivyo: chanya na hasi zote zimetengwa na bodi. Matokeo yake, mtu anaweza kugusa chanya peke yake asisikie chochote. Anatoka hapo anawatangazia wenzake kwamba umeme wa magari haya ni maneno tu, yeye kaushika na hakufa. Kilichomwokoa ni ule utengano. Siku insulesheni ikichubuka mahali upande wa hasi, bodi nzima inakuwa hasi. Mguso uleule, kwenye gari la aina ileile, safari hii unapita kifuani.

Gari lenyewe linajipima utengano huo. Toyota ikigundua umeme mkubwa unavujia kwenye bodi inaandika namba ya hitilafu, yaani kodi, P0AA6 na kuwasha taa. Nimeona kodi hiyo ikifutwa kwa mashine, taa ikazimika, mteja akalipa akaondoka akifurahi. Ndugu zangu, P0AA6 ni gari linasema utengano umeharibika. Ukiifuta bila kutafuta mahali panapovuja, umemnyamazisha mlinzi na kumwachia fundi anayefuata kifo kwenye bodi. Fundi huyo anaweza kuwa wewe mwenyewe, mwezi ujao, gari likirudi.

Na mara nyingine uvujaji huo unaanzia kwa fundi AC, namaanisha fundi wa kiyoyozi, siyo ule umeme wa AC. Hapa naomba mnisikilize sana, maana kosa hili linafanyika kwa nia njema kabisa. Kompresa ya AC kwenye magari haya haizungushwi kwa mkanda, ina mota yake ndani, inayokula umeme mkubwa. Oili ya kompresa inaogelea humohumo na nyaya za mota. Oili ya kawaida tunayoweka kwenye Corolla, ile aina ya PAG, inapitisha umeme kiasi. Kompresa ya umeme inataka oili ya POE isiyopitisha umeme. Toyota wanaiita ND-OIL 11. Ukijaza oili ya Corolla kwenye Aqua, AC itapooza vizuri siku hiyo, mteja atakushukuru, halafu utengano utaanza kushuka na P0AA6 itakuja. Hata mashine yako ya kujazia gesi, kama mipira yake ina mabaki ya oili ya PAG, inachafua mfumo. Fundi AC mwenye kuheshimu kazi yake awe na mipira na chupa ya oili ya pembeni kwa ajili ya magari ya umeme, aviandike kwa rangi, asimwazime mtu.

Kuosha injini nitalipita haraka kwa sababu jibu lake ni fupi: usipige maji ya presha chini ya boneti ya gari la umeme. Futa kwa kitambaa. Vijana wa kuosha magari mlangoni kwako waambie hivyo kabla hujaenda kunywa chai.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Gari limefika, unataka kufungua kitu chochote kilichounganishwa na waya wa machungwa, au kufanya kazi karibu nao. Unaanzaje?

Unaanza na funguo. Gari hili halina sauti ya kukuambia liko tayari kuondoka. Likiwa na neno READY kwenye dashibodi, mtu akigusa gia na pedeli linatembea, na wewe uko mbele yake umeinama. Kwenye haibridi kuna baya zaidi: likiwa kwenye READY, injini ya petroli inajiwasha yenyewe betri ikishuka, bila mtu yeyote ndani, na vidole vyako viko kwenye feni. Kwa hiyo zima, hakikisha READY imeondoka, halafu peleka funguo mbali, zaidi ya mita 5. Funguo za kisasa zinaongea na gari zikiwa mfukoni mwako. Zifungie kwenye droo ofisini. Kama gari liko kwenye chaji, chomoa chaji, kwa sababu gari linalochaji lina umeme mkubwa hata likiwa limezimwa na kufungwa milango. Leaf pia inaweza kuamka yenyewe ikiwa imeegeshwa, ikaijaza betri yake ndogo kutoka kwenye betri kubwa. Ndiyo maana nimesema kuzima siyo kukata.

Kisha tereminali ya hasi ya betri ndogo. Betri hii ndiyo inayofunga kontakta za betri kubwa, zile swichi kubwa za ndani zinazouachia umeme utoke. Ukiitoa, kontakta zinaachia. Kwenye Leaf betri ndogo iko hapohapo chini ya boneti. Kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu iko nyuma kwenye buti, na kile kinundu chekundu mbele kwenye boksi la fyuzi ni cha kubustia tu. Fundi aliyeondoa waya kwenye kinundu hicho hajaondoa betri. Ifunge tereminali uliyoitoa kwa mpira au kitambaa isije ikajirudisha yenyewe.

Halafu plagi ya usalama, ile yenye mshikio wa rangi ya machungwa. Kwenye Leaf iko katikati ya sakafu, mbele ya kiti cha nyuma, chini ya zulia na kifuniko cha bolti. Kuanzia hapa glavu ziko mkononi. Ukishaitoa, usiiweke juu ya dashibodi wala kwenye boksi la spana. Itie mfukoni mwako. Nimesema mfukoni mwako wewe unayefanya kazi, kwa sababu siku moja utakuwa ndani ya gari mpaka kiunoni, na mwenzako mwenye nia nzuri atapita, ataiona, atairudisha.

Sasa subiri dakika 10. Nissan wanataka hivyo, Toyota wanataka hivyo. Ndani ya inveta kuna kapasita, na kapasita ni sawa na simtanki juu ya paa: maji ya DAWASA yamekatika tangu asubuhi lakini ukifungua bomba bado yanatoka kwa nguvu. Dakika 10 ni za kuacha tangi hilo litoke lote. Mteja amesimama pembeni ana safari ya Morogoro, anakwambia fundi fanya haraka. Mwambie akae, mpe kiti. Nimeshuhudia mafundi wakiruka hatua hii mara nyingi kuliko zote, na sababu kila mara ni ileile, mtu kuona aibu kusimama bila kazi mbele ya mwenye gari. Tumia dakika hizo kuvua saa, pete, cheni, mkanda wenye bakoli kubwa. Toa na simu kwenye mfuko wa shati.

Baada ya hapo ndiyo mita. Hii hapa mkononi mwangu imeandikwa CAT III, ambalo ni daraja lake la usalama, na 1000V, na maandishi hayohayo yapo kwenye nyaya zake. Zile mita ndogo za bei rahisi tunazonunua Kariakoo zina kazi yake kwenye betri ya volti 12, huku hazifai. Kwanza ihakiki. Ile betri ndogo uliyoichomoa bado ina volti 12. Pima juu ya nguzo zake, mita isome. Sasa, ukiwa bado umevaa glavu, pima pale kitabu cha gari kinapoelekeza: chanya na hasi, kisha chanya na bodi, kisha hasi na bodi. Zote tatu. Halafu rudi kwenye betri ndogo upime tena. Kwa nini urudi? Kwa sababu mita iliyokufa nayo inasoma sifuri. Fyuzi ya mita ikikatika, waya wake ukichomoka ndani, kioo kinakuonyesha sifuri ileile nzuri uliyokuwa unaitaka. Sifuri inaaminika pale tu mita imesoma sawa kabla na imesoma sawa baada.

Na ukipata volti 30 badala ya sifuri? Usijiambie ni kidogo. Kuna kitu hakijakatika. Subiri tena, pima tena, na ikigoma kushuka funga boneti utafute mtu anayelijua gari hilo kuliko wewe. Hakuna aibu hapo.

Nizungumze kuhusu glavu, kwa sababu nimeona gereji zinafanya kazi hii na glavu za kuoshea vyombo, na nyingine na glavu za ngozi za kuchomelea. Glavu inayotakiwa ni ya mpira, daraja 0, iliyoandikwa volti 1000. Hizi hapa. Tazameni maandishi karibu na kiwiko: daraja, volti, tarehe. Kiwandani zinajaribiwa kwa volti 5,000 ndipo ziuzwe kwa matumizi ya 1,000. Marekani, kanuni za OSHA za usalama kazini zinataka glavu za namna hii zipimwe upya kila baada ya miezi 6. Asikudanganye mtu kwamba glavu ya mpira ikinunuliwa ni ya milele. Joto letu na mafuta ya gereji vinaila.

Na kila asubuhi kabla ya kuvaa unaijaribu kwa hewa. Angalieni. Naishika mdomo wake hivi, naukunja mara mbili mbili kwa nguvu mpaka hewa inabanwa kwenye vidole. Vidole vinavimba. Sasa naisogeza shavuni na sikioni. Tundu la sindano litakupulizia shavuni. Mmesikia? Hii ni nzima. Hii nyingine niliyokuja nayo ina tundu kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo spana husugua, na kwa macho hamlioni kabisa. Pokezaneni, kila mmoja aijaribu. Juu ya glavu ya mpira unavaa ya ngozi, ngozi ndiyo ipigane na ncha kali za chuma. Spana nazo ziwe za mshikio uliofunikwa, zenye alama ya volti 1000. Spana ya kawaida iliyoviringishwa tepu ni spana ya kawaida.

Kuhusu kufungua betri kubwa yenyewe nitasema kwa ufupi na bila kuzunguka. Najua kuna soko la kubadilisha moduli, yale mafungu ya seli ndani ya betri, za Prius na Aqua, na najua watu wanapata riziki hapo. Lakini plagi ya usalama haiuui umeme ndani ya betri. Inaikata betri vipande viwili, na kila kipande kinabaki na umeme wake saa zote, haizimwi na mtu yeyote. Betri ya Prius ya kizazi cha pili ni moduli 28 za volti 7.2, spana ikiangukia juu yake haiulizi kama plagi umeitoa. Kazi hiyo ni ya aliyefundishwa kazi hiyo. Haya niliyoyasema leo hayatoshi kukupeleka huko, na usitoke hapa ukidhani yametosha.

Kazi ya umeme mkubwa ni ya watu wawili. Wa pili hafanyi kazi, anaangalia, na pembeni yake pana fito ndefu kavu ya mbao au ya faiba. Mwenzako akipigwa na umeme, mkono wako utataka kumkamata. Usimkamate, mtakuwa wawili. Msukume au mvute kwa fito. Akishatoka, kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine apige simu. Usiache mpaka msaada ufike. Na akiinuka mwenyewe anacheka, anasema yuko sawa, mpelekeni hospitali vilevile. Moyo unaweza kubaki umevurugika na mtu anaongea.

Moto wa betri ya lithiamu ni jambo jingine kabisa. Ukisikia betri inatoa sauti kama ya gesi inayovuja, ukiona moshi mweupe unatoka chini ya gari, toa watu. Moshi huo una sumu. Mtungi wa kuzimia moto wa gereji utazima moto wa waya au wa kiti, lakini betri kubwa ikishaanza hauwezi. Kampuni ya Tesla, kwenye mwongozo wake kwa zimamoto kuhusu Model S, inataja maji yanayofikia lita 11,000. Nani ana maji hayo gerejini? Piga 114 mapema.

Na gari lililogongwa, hata kama linaonekana limetulia, lisilale ndani. Mei 2011 huko Wisconsin, Marekani, mamlaka ya usalama barabarani ililigongesha Chevrolet Volt kwenye jaribio la ubavuni. Likaegeshwa. Wiki 3 baadaye likawaka lenyewe likaunguza na magari ya jirani. Kwa hiyo gari la umeme lililopata ajali likae nje, umbali wa mita 15 kutoka kwenye jengo na magari mengine. Najua gereji zetu nyingi hazina hata mita 15 za uwanja mzima. Basi usilipokee. Au ulipokee pale tu umepata mahali pa kuliweka.

Wenye gereji, mmekaa kimya muda mrefu, nina ombi kwenu. Glavu, mita na spana za volti 1000 ni vifaa vya gereji. Msimwambie kijana ajinunulie kwa posho yake, kwa sababu hatanunua, na mnajua hatanunua, na gari likija mtamwambia afungue. Saidia fundi aliyeanza wiki iliyopita asitumwe hata kuchomoa betri ndogo ya gari la namna hii peke yake. Na mkiletewa gari ambalo hamna mtu wa kulifanyia kazi, liachieni liende. Mteja mmoja akiondoka, kesho atakuja mwingine. Kijana wa watu aliyekabidhiwa kwako na mama yake, huyo hana mbadala.

Kuna swali niliulizwa asubuhi kuhusu bajaji na pikipiki za umeme. Nyingi zina betri za volti 48 hadi 72, kwa hiyo hatari ya kupigwa ni ndogo kuliko ya gari, lakini shoti kwenye betri ya lithiamu inaunguza mkono na kuwasha moto vilevile. Pete na saa zitoke huko pia.

Sasa tutoke nje. Leaf iko pale chini ya mwembe, boneti wazi, funguo ziko kwa katibu na plagi bado ipo mahali pake. Nataka watu wanne wa kwanza, wawili wawe mafundi AC. Jaribuni glavu zenu kwa hewa kabla ya kusogea, na wale wenye pete, mwachieni mama pale mlangoni.